Kamba ya Miaka: Kumpimia Mtoto Historia Nyumbani

Mhadhara uliotolewa Barumbu, Kisangani, mbele ya wazazi, walimu na wazee

Nawaomba wazee ruhusa kabla sijaanza, kwa sababu nitataja miaka ambayo baadhi yao waliiishi. Mahali nitakapopunguza, waongeze; mahali nitakapopita haraka, wanisimamishe.

Kusudi langu ni moja. Nataka tuelewane jinsi mzazi anayemfundisha mtoto nyumbani anavyoweza kuchagua, au kutengeneza kwa mikono yake, mstari wa nyakati wa historia: ule mstari unaoonyesha miaka kwa mfululizo, na mambo yaliyotokea yakiwa yamewekwa kila moja mahali pake.

Siwaiti kuwatoa watoto shuleni. Katiba yetu ya 2006, katika ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za serikali. Hata hivyo, sote tunajua kwamba kwetu masomo ya nyumbani si jambo geni. Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya Covid-19, na mzazi akawa mwalimu bila kuandaliwa. Migomo ya walimu imewarudisha watoto nyumbani kwa majuma. Familia zilizokimbia ugomvi wa ardhi uliofika Lubunga mwaka 2023 zimewafundisha watoto wao mahali pa kulala. Na hata shule inapokwenda vizuri, mtoto anarudi jioni na daftari lenye tarehe alizonakili, anamuuliza mama yake, na mama hajui aanzie wapi. Nasema na mzazi huyo.

Orodha ya tarehe humwambia mtoto jambo gani lilitangulia. Mstari wa nyakati humwonyesha jambo hilo liko mbali kiasi gani na lingine, na liko mbali kiasi gani na yeye. Mtoto anayejua tarehe bila kujua umbali hawezi kuelewa kwa nini bibi yake bado anashtuka akisikia mlio wa ndege ya vita, wala kwa nini jina la msafiri Stanley halimwambii kitu. Nitautetea umbali huo kwa hoja saba.

1. Kipimo kiwe kimoja toka mwanzo hadi mwisho

Chukueni kamba ya mita 3. Semeni kwamba kila sentimita 2 ni mwaka mmoja. Kamba hiyo inabeba miaka 150. Ncha yake ya kwanza iwe Januari 1877, msafara wa Stanley ulipoyapita maporomoko ya Boyoma na kuwakuta wavuvi Wagenia kazini mwao. Ncha ya pili itafika Januari 2027.

Sasa pimeni. Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ilidumu toka 1885 hadi 1908: sentimita 46. Kongo ya Wabelgiji, toka 1908 hadi 1960: mita 1 na sentimita 4. Jina la Zaire, toka 1971 hadi 1997: sentimita 52. Mtoto wa miaka 8 ana sentimita 16 zake mwenyewe, kama shubiri ya mkono wake. Mwambieni aweke shubiri yake juu ya kamba, aone Zaire ni shubiri ngapi na Leopold ni shubiri ngapi. Hapo anahesabu historia kwa mkono wake.

Pimeni tena toka msafara wa Stanley hadi Januari 17, 1961, siku Patrice Lumumba alipouawa. Ni miaka 84, yaani sentimita 168: urefu wa mtu mzima aliyesimama. Mtoto aliyezaliwa kando ya maporomoko Stanley akipita, kama Mungu alimjalia umri mrefu, aliweza kuwa hai uhuru ulipotangazwa. Tumezoea kuwaambia watoto kwamba ukoloni ni habari ya zamani sana. Kamba inawaambia kwamba mambo yote yale yaliingia katika maisha ya mtu mmoja mzee.

Kwa hiyo, mkiona chati ya kununua, jambo la kwanza la kutazama ni nafasi. Chati nyingi zinaipa miaka 10 ya karibuni upana uleule zinaoupa miaka 1,000 ya kale, kwa sababu mchapishaji alikuwa na picha nyingi za juzi na chache za kale. Chati ya namna hiyo ina tarehe sahihi, lakini inamfundisha mtoto umbali wa uongo, na uongo unaoingia kwa macho ni mgumu kuuondoa kwa maneno.

Naona Papa mmoja pale nyuma anauliza kwa mikono: na jambo fupi lakini zito tutaliwekaje? Swali zuri. Lumumba alikuwa waziri mkuu toka Juni 24 hadi Septemba 5, 1960, chini ya miezi 3. Kwenye kamba yetu hiyo haifiki nusu sentimita. Vita ya siku sita ya Juni 2000 mjini mwetu haifiki hata nusu milimita; ni alama ya ncha ya biki. Msiipanue kamba kwa ajili ya mambo hayo. Fungeni mahali hapo karatasi kubwa inayoning'inia, yenye maelezo na picha. Mtoto ataona mambo mawili kwa pamoja: muda ulikuwa mfupi, na uzito ulikuwa mkubwa. Urefu wa jambo na uzito wake ni vitu viwili, na ni vema avitenganishe akiwa bado mdogo.

2. Anzieni nyumbani, mrudi nyuma

Vitabu huanza kale na kushuka hadi leo. Nyumbani fanyeni kinyume. Fundo la kwanza kwenye kamba liwe kuzaliwa kwa mtoto mwenyewe. La pili, kuzaliwa kwa mama na baba. La tatu, kuzaliwa kwa bibi na babu. Mtoto akishaona familia yake ina mahali kwenye kamba, atataka kujua nani mwingine alikuwepo wakati huo.

Hapa wengi wanakwama, kwa kuwa wazee wengi hawana karatasi ya kuzaliwa, au karatasi yao iliandikwa kwa kukisia. Mzee anasema, «Nilizaliwa wakati wa Wabelgiji,» basi. Msimsumbue kwa kumtaka mwaka. Muulizeni kwa mambo makubwa ambayo mji huu hauwezi kuyasahau. Uhuru, Juni 30, 1960: je, ulikuwa umeanza masomo? Waasi wa Simba walipoingia Stanleyville, yaani mji huu, Agosti 1964: ulikuwa unabebwa mgongoni, au ulikimbia kwa miguu yako? Mji ulipoitwa rasmi Kisangani, mwaka 1966? Mamluki walipoasi, Julai 1967? Watu walipoacha majina ya Kizungu wakati wa Zaire, mwaka 1972, wewe ulijiita nani? Maduka ya wageni yalipochukuliwa, baada ya hotuba ya Rais Mobutu ya Novemba 30, 1973, ulikuwa na watoto wangapi? Wanajeshi waasi wa AFDL walipoingia, Machi 15, 1997, mlikuwa mnakaa avenyu gani?

Majibu manne au matano ya namna hiyo yanabana umri wa mtu hadi miaka 2 au 3. Mtoto anayeuliza maswali hayo na kuandika majibu anafanya kazi ya mwanahistoria. Kazi hiyo ina heshima kubwa nchini mwetu. Mtafiti wa kigeni Emil Torday alipofika kwa Wakuba katika miaka ya 1900, wazee walimtajia wafalme wao kwa mfululizo, na wakamwambia kwamba wakati wa mfalme fulani jua lilitoweka mchana. Wataalamu wa nyota walipopiga hesabu, walikuta kupatwa kwa jua kulikoonekana huko Machi 30, 1680. Kumbukumbu ya midomo ilikuwa imebebwa zaidi ya miaka 220, ikafika salama, na ikaupa ufalme mzima tarehe ya kujishikizia. Mama akikwambia kwamba alijifungua mtoto wake wa kwanza siku mabomu yalipoanza kuanguka, amekupa tarehe kwa njia ileile ya wazee wa Kikuba.

3. Historia yetu isianze mgeni alipofika

Nimeanza kamba yangu mwaka 1877. Nilifanya hivyo kwa sababu mita 3 zinatosha ukuta wa nyumba. Sasa tutoke nje, maana kamba hiyo ni kipande cha mwisho tu.

Mtoto aanzie kwenye ncha ya 1877. Kwa kipimo kilekile, sentimita 2 kwa mwaka, tembeeni. Mita 40 nyuma ni miaka 2,000. Wakati huo tayari wakulima na wafinyanzi walikuwa wamekaa kandokando ya mito ya bonde la Kongo, na vipande vya vyungu vyao vimechimbuliwa na wataalamu. Endeleeni kutembea. Mita 400 nyuma ni miaka 20,000. Huko mtamkuta mtu wa Ishango, kando ya Ziwa Edouard, mashariki mwa nchi hii, akikata alama kwa makundi juu ya kipande cha mfupa. Mfupa huo ulichimbuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, na wataalamu wa hesabu wanaujadili hadi leo, kwa sababu alama zile zinaonekana kuwa hesabu.

Mtoto aliyetembea mita 400, akageuka akaitazama kamba ya mita 3 ya ukutani, hatahitaji hotuba. Atajua kwa miguu yake kwamba ukoloni ulikuwa sehemu fupi ya safari ndefu ya watu.

Basi, mkichagua chati iliyochapishwa, tafuteni Kongo ndani yake. Chati nyingi za watoto zinazotoka Ulaya na Marekani zinaanza na Misri na Mesopotamia, zinapita Ugiriki na Roma, kisha Kongo inajitokeza ghafula Stanley akiwa mtumbwini. Hata inapoandikwa kwamba «aliyagundua» maporomoko, muulizeni mtoto: Wagenia walikuwa wanavua samaki wapi siku hiyo? Miti yao ya kutegea vikapu ilikuwa imesimama ndani ya maji kabla mgeni hajafika. Sahihisheni kwa biki, mbele ya mtoto. Chati si Maandiko Matakatifu, na mtoto akiona mzazi anaisahihisha atajifunza kwamba historia huchunguzwa.

Tena tusidhani kwamba kupanga nyakati kwa vitu vinavyoonekana ni ujuzi wa kuletewa. Waluba, kusini kwetu, wana lukasa: kibao cha mti kinachoshikika mkononi, chenye shanga, magamba na michoro. Wajuzi wa chama cha Mbudye walikipapasa kwa kidole huku wakisimulia asili ya ufalme, safari za mababu na majina ya watawala. Shanga moja ilibeba mtu, mstari wa shanga ulibeba njia. Mtoto anayepapasa mafundo ya kamba yenu na kusimulia anaendeleza ujuzi wa nchi yake.

4. Kisichojulikana kwa hakika kisipewe tarehe kamili

Mwaka 1765 mwalimu mmoja wa Uingereza, Joseph Priestley, alichapisha chati ya maisha ya watu wapatao 2,000. Kila maisha aliyapiga mstari mmoja, toka kuzaliwa hadi kufa, na wote wakakaa juu ya kipimo kimoja. Chati hiyo ilitumika kufundishia kwa miaka mingi. Nataka kuwaonyesha jambo moja ndani yake: mahali ambapo hakujua kwa hakika mtu alizaliwa au alikufa lini, Priestley aliweka vitone badala ya mstari. Alimwambia msomaji waziwazi, hapa sina uhakika.

Kwetu jambo hilo ni la lazima. Mfanyabiashara Tippu Tip, nitakayemtaja tena, alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Neno hilo «karibu» lionekane kwenye kamba. Kuja kwa wafinyanzi wa kale hakuna mwaka mmoja. Ni kipindi kirefu. Basi, tukio lenye tarehe liwe fundo. Tukio lenye kipindi liwe kipande cha kikwembe kilichozungushwa kwenye kamba, chenye urefu wa kipindi hicho. Tukio tunalolikisia liwe na uzi mwembamba unaopita pande zote mbili. Mtoto wa miaka 7 anaielewa lugha hiyo bila shida.

Wamama, sehemu hii ni yenu zaidi. Mtakapotafuta vipande vya vikwembe vya kuzungushia vipindi, chagueni rangi moja kwa kila dola: moja ya Leopold, moja ya Wabelgiji, moja ya uhuru wa kwanza, moja ya Zaire, moja ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya leo. Majina ya mji na nchi yanawachanganya sana watoto wetu. Wanasikia Stanleyville, Kisangani, Kongo, Zaire, Kongo tena, wanadhani ni mahali mbalimbali. Kamba ni moja, nguo zinabadilika. Mtoto ataona kwamba watu walewale waliamka asubuhi wakakuta nchi yao ina jina jipya.

5. Kamba ya hapa itembee pamoja na kamba ya kule

Mtoto akishaifahamu kamba ya kwetu, tundikeni ya pili chini yake, kwa kipimo kilekile, kwa mambo yaliyotokea kwingine. Msijaze kila kitu. Wekeni yale tu yanayogusana na ya kwetu, kisha mwulizeni mtoto agundue yanagusana wapi.

Natoa mifano miwili. Wa kwanza ni Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi. Desemba 1883 Stanley alianzisha kituo kwenye maporomoko ya Boyoma. Mwaka 1886 kituo hicho kilianguka mikononi mwa Waarabu na Waswahili. Februari 1887, kule Zanzibar, Stanley na Tippu Tip walikubaliana kwamba Tippu Tip awe gavana wa Stanley Falls, yaani Boyoma, kwa niaba ya dola ya Leopold. Wakapanda meli, wakaizunguka Afrika kupitia kusini hadi mdomo wa Mto Kongo, kisha wakapanda mto. Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka kurudi Zanzibar, na toka 1892 hadi 1894 dola ya Leopold ikapigana na Waarabu na Waswahili hadi ikawashinda. Kwenye kamba mbili, ya Zanzibar na ya Boyoma, mtoto ataona fundo la mtu mmoja likihama kutoka chini kwenda juu na kurudi. Ataelewa pia kwamba Kiswahili anachokisema kilipandishwa huku na misafara iliyobeba pembe na watumwa. Yote mawili yaandikwe kwenye karatasi moja, maana njia ilikuwa moja. Wenye kupenda kusoma watafute maisha ya Tippu Tip aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20.

Mfano wa pili uko barabarani. Mwaka 1888, mjini Belfast, John Boyd Dunlop alisajili tairi la baiskeli lenye kujazwa upepo. Baiskeli zikaenea Ulaya na Marekani, na mpira ukatafutwa kwa nguvu. Katika miaka ya 1890 dola ya Leopold iliwalazimisha watu wa msituni kuleta mpira. Walioshindwa kufikisha kiasi walipigwa, walitekewa wake zao, walikatwa mikono, waliuawa. Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement kuhusu ukatili huo ilichapishwa Uingereza, na mwaka 1908 Leopold aliondolewa. Kwenye kamba, toka tairi hadi kuondolewa kwa Leopold ni sentimita 40 tu. Mtoto wa Kisangani amepakiwa kwenye toleka, baiskeli ya abiria, mara nyingi. Mwonyesheni gurudumu, kisha mwonyesheni fundo la 1888 kwenye kamba ya kule na fundo la mpira kwenye kamba ya hapa. Ataelewa kwamba raha ya mtu mahali pamoja iliweza kulipwa na mkono wa mtu mahali pengine. Somo hilo halipatikani katika chati yenye kamba moja.

6. Mambo ya maumivu yawekwe, na yawekwe kwa haki

Najua wapo wazazi wanaosema: kwa nini nimwambie mtoto habari za vita? Nawajibu kwa heshima. Mtoto wa Kisangani anazisikia tayari, jikoni, msibani, kwenye ukuta wenye matundu. Kazi yetu ni kumpa mahali pa kuziweka, ili zisielee kichwani mwake kama hofu isiyo na mwanzo wala mwisho. Jambo lililowekwa kwenye kamba lina siku lililoanza na siku lililokwisha.

Kwa mtoto mdogo, chini ya miaka 8, inatosha kusema: hapa palikuwa na vita, watu walikimbia, bibi alikimbilia kijiji fulani, kisha wakarudi. Akiwa na miaka 10 au 12 aelezwe zaidi. Kila karatasi ya vita ijibu maswali manne: nini kilitokea, lini, nani waliumia, na nini kilifuata. Ikijibu hayo manne, imetosha.

Tazameni mwaka 1964. Chati za kigeni zikiutaja mji wetu, zinataja Novemba 24, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka kuwaokoa mateka wa kigeni. Ni kweli, na waliokufa siku hiyo waombolezwe. Lakini Wakongo waliouawa mwaka ule, na Simba na pia wakati mji ulipotekwa upya, walikuwa wengi zaidi kuliko wageni. Karatasi isiyowataja haijasema kweli yote.

Kisha tazameni mwaka 2000. Toka Juni 5 hadi Juni 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, nasi katikati yao. Juni 16 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio 1304 kuhusu vita hiyo. Desemba 19, 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, iliihukumu Uganda kwa makosa yake nchini mwetu. Februari 9, 2022, mahakama hiyo iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Toka mabomu hadi amri ya fidia ni sentimita 43, na siku zenyewe za vita hazionekani kwa urahisi. Mtoto akilala chini ya kamba hiyo akaitazama, ataona kwamba kubomoa ni kazi ya siku chache, na kutafuta haki ni kazi ya zaidi ya miaka 20. Wazazi, sijui njia nyingine ya kumwonyesha mtoto jambo hilo waziwazi namna hii.

Na ya karibuni? Ugomvi wa ardhi ulioanza mwaka 2022 kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, ukafika Lubunga mwaka 2023, nao una mahali pake. Nawasihi: msiandike kabila kuwa ndilo kosa. Andikeni nyumba zilizochomwa, watu waliokufa, familia zilizovuka mto, na watoto waliokosa masomo, wa pande zote mbili. Watoto wa pande zote mbili wataisoma kamba hiyo. Tusiwape sababu ya kupigana tena.

7. Kununua, kuazima, au kutengeneza

Sasa la vitendo. Nimeona wataalamu wa masomo wakibishana kama kamba ni bora kuliko chati, au chati kuliko kitabu. Umri wa mtoto ndio unaoamua.

Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 8, kamba inashinda, kwa sababu anaishika. Kamba ya nailoni ya kuanikia nguo inatosha. Makaratasi yake yakatwe kutoka maboksi, au karatasi ya ndani ya mfuko wa sementi, ambayo ni ngumu na inaandikika. Hapa kwetu unyevu unaozesha karatasi na mchwa wanakula ukuta, kwa hiyo kamba inayokunjwa na kuwekwa ndani ya mfuko wa plastiki inadumu kuliko chati ya kubandika. Na familia ikilazimika kuhama usiku, kamba inaingia mfukoni.

Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 11, ongezeni kamba ya pili na makaratasi mengi zaidi, na mwacheni aandike mwenyewe, hata mwandiko ukiwa mbaya. Kwa mtoto wa miaka 11 kwenda juu, mpeni daftari lenye kurasa mbili kwa kila karne. Familia za Uingereza zilizofuata mafundisho ya Charlotte Mason, mwalimu aliyefariki mwaka 1923, zilitumia Kitabu cha Karne cha namna hiyo: mtoto anachora na kuandika kila jambo analokutana nalo katika masomo yake, mwaka baada ya mwaka, hadi anapokuwa kijana. Daftari la kawaida la kurasa 100 linabeba karne 50.

Mkinunua chati, ipiteni kwa maswali haya kabla ya kulipa. Je, miaka imepewa nafasi sawa? Je, Afrika ipo kabla ya mgeni? Je, wanawake wapo, au ni wafalme na majenerali tu? Je, kuna alama ya mahali pasipo hakika? Je, mna nafasi ya kuandika ya kwenu? Ikishinda maswali matatu kati ya hayo, inunueni, kisha muirekebishe. Isiposhinda, fedha hiyo nunueni kamba, biki na daftari.

Na juma moja, jambo moja. Kuongeza fundo moja kwa juma ni mafundo yapatayo 50 kwa mwaka, na mtoto atayajua yote. Kabla ya kuongeza jipya, asimulie mawili ya zamani kwa maneno yake, akishika mahali pake kwenye kamba. Mkimwona anasema, «Hii ilikuwa kabla bibi hajazaliwa,» au «Hii ilikuwa mbali na ile kuliko mimi na babu,» jueni somo limeingia.

Neno la mwisho

Ndugu zangu wa Barumbu, nimezungumzia kamba za nyumbani, lakini ninaomba tufanye moja ya pamoja. Wazee waliokuwa na miaka 10 siku ya uhuru walizaliwa mwaka 1950. Wote wamevuka miaka 70. Hao ndio wanaokumbuka Stanleyville ikiwa Stanleyville, waliomwona au kumsikia Lumumba, aliyekuwa karani wa posta katika mji huu kabla ya kuwa kiongozi wa nchi. Hawatatusubiri.

Napendekeza kwamba kabla ya mwaka wa masomo ujao kila avenyu iwachague watoto wake wakubwa, watembelee wazee wao, wawaulize maswali niliyoyataja katika hoja ya pili, na waandike. Walimu tutawasaidia kupanga tarehe. Mzee mwenye kusema Kilokele, Kigenya au Kilingala aseme kwa lugha yake, na mtoto aandike kama alivyosikia. Kisha tukutane tena hapa, kila avenyu ilete kamba yake, tuzifunge pamoja kwa kipimo kimoja cha sentimita 2 kwa mwaka, na tuone Barumbu nzima ilikuwa wapi katika kila mwaka wa karne iliyopita.

Mwaka 2030 nchi yetu itatimiza miaka 70 ya uhuru. Watoto walioketi mbele yangu jioni hii watakuwa vijana wa kutoa mihadhara. Nataka siku hiyo mmoja wao asimame mahali hapa, asome majina, tarehe na umbali kutoka kwenye kamba aliyoitengeneza mwenyewe, na wazee watakaokuwa bado nasi wamsahihishe pale anapokosea. Kazi hiyo inaanza juma hili, kwa kuuliza swali moja kwa bibi mmoja.

Sasa nawapa wazee nafasi ya kuongeza.